Korongo Lisilohitaji Mbingu: Roger Fenton Mtoni Conwy, 1857

Mwaka 1857 Mwingereza mmoja, Roger Fenton, alipeleka kamera kubwa ya mbao kwenye korongo la mto Conwy, kaskazini mwa Wales, akarudi na picha aliyoiita "Gorge of the Foss Nevin, on the Conway". Ukiitazama, kinachokukamata kwanza ni mawe. Mwamba umejaa kwenye picha, ufa kwa ufa, hata unahisi ukipapasa kioo cha simu utakwaruza kidole. Mto unaopita hapo hauonekani kama mto. Ni weupe tu, laini, kama mtu amemwaga tui zito juu ya mawe.

Wengi wakiona picha za namna hii husema huyu bwana alikuwa mshairi. Hata mimi nilisema hivyo. Baadaye likanijia swali la kifundi, na halikuniacha: kwa nini mtu mwenye kamera ya mwaka 1857 ahangaike na korongo? Korongo lina giza, na kamera ya wakati ule ilikuwa na njaa ya mwanga. Korongo lina majani mabichi, na dawa ya wakati ule, iliyopakwa juu ya kioo ili kushika picha, ilikuwa karibu kipofu kwa kijani. Korongo lina maji yanayokimbia, na kioo cha wakati ule hakikuweza kushika kitu kinachokimbia. Kila alichokuwa nacho mkononi kilimwambia abaki juu barabarani. Yeye akashuka, na si mara moja. Katika safari hiyo hiyo alipiga picha kwenye Conwy, Llugwy, Lledr na Machno, mito minne ya bonde moja, na katika nyingi ya picha hizo kamera imekaa chini, usawa wa mawe.

Nadhani jibu liko juu, pale ambapo kamera haikuelekezwa. Korongo lilimpunguzia tatizo moja lililowatesa wapiga picha wa mandhari wa kizazi chake kuliko yote niliyoyataja, nalo ni mbingu.

Mahali penyewe

Tuanze na ramani, maana majina ya Kiwelshi huchanganya. Mto Machno unaingia Conwy juu kidogo ya maporomoko ya Conwy. Kutoka kwenye maporomoko, mto unabanwa na miamba na kuteremka kwa kasi. Kipande mashuhuri cha mbano huo kinaitwa Ffos Noddun kwa Kiwelshi, na watalii wa Kiingereza walikibatiza Fairy Glen, jina la kuuzia kadi. Neno ffos ni mtaro au handaki, na kwa kweli ndivyo mahali palivyo: handaki lililochimbwa na maji. Mbele yake Lledr unajiunga na Conwy, halafu Llugwy, kwenye kijiji cha Betws-y-Coed.

Mwaka 1857 reli ilikuwa imekwisha kufika pwani ya kaskazini, ikipita kwenda Holyhead, lakini tawi la kupanda bonde la Conwy lilifika Betws-y-Coed mwaka 1868 tu. Kwa hiyo mzigo wote wa Fenton, yaani kamera, vioo, chupa za dawa, beseni na kitu cha kumfanyia giza, ulifika kwa barabara. Barabara yenyewe ilikuwa nzuri, ile ya mhandisi Thomas Telford kutoka London hadi Holyhead, ambayo inavuka Conwy hapo kijijini kwa daraja la chuma linaloitwa Waterloo, la mwaka 1815. Kutoka barabarani hadi majini ni habari nyingine. Hapo hakuna gari. Hapo ni miguu, mawe ya utelezi na mikono.

Kijiji hakikuwa kigeni kwa wasanii. Mchoraji David Cox alikuwa akienda Betws-y-Coed karibu kila mwaka kuanzia 1844 hadi 1856, na wachoraji wengine wakamfuata wakijazana kwenye nyumba ya wageni ya Royal Oak, ambayo Cox mwenyewe aliichorea kibao mwaka 1847. Mkumbuke Cox. Nitamhitaji baadaye.

Mtu mwenyewe, kwa ufupi

Fenton alizaliwa mwaka 1819 Lancashire, katika familia ya viwanda na benki. Alisomea sheria, akajifunza uchoraji London na Paris, kisha akaangukia kwenye kamera. Mwaka 1852 alikwenda Urusi kupiga picha. Mwaka 1853 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Picha cha London, akawa katibu wake wa kwanza. Mwaka 1855 alikwenda vitani Krimea na vioo 700 na gari la mfanyabiashara wa mvinyo lililogeuzwa chumba cha giza. Wengi wanamjua kwa picha moja ya huko, barabara tupu yenye risasi za mizinga zilizotawanyika kama mawe. Picha hiyo iko kwa namna mbili, moja risasi hizo ziko barabarani, nyingine haziko, na mabishano juu ya nani alizisogeza hayajaisha mpaka leo. Ninayemfuata hapa ni Fenton wa miaka miwili baadaye, aliyekwisha kujua dawa zake kama mpishi anavyojua chumvi.

Dakika kumi

Njia aliyotumia ilitangazwa na Frederick Scott Archer mwaka 1851. Archer hakuiwekea hataza, hakupata utajiri wowote, akafariki Mei 1857 akiwa maskini. Ni mwaka huo huo tunaouzungumzia. Kila mpiga picha wa Uingereza alikuwa akila kutoka kwenye sahani ya huyu mtu.

Njia inaitwa kolodioni bichi, na ubichi ndio kiini chake. Kolodioni ni pamba-baruti iliyoyeyushwa katika etha na spiriti, ikatiwa chumvi ya iodini. Inafanana na sharubati nyepesi, na harufu yake inapanda kichwani. Unashika kipande cha kioo kisafi kabisa kwa pembe moja, kwa ncha za vidole, kikiwa kimelala. Unamimina kolodioni katikati mpaka lifanyike dimbwi. Kisha unainamisha kioo kidogo, dimbwi linakwenda pembe ya kwanza. Unageuza, linakwenda ya pili. Unageuza, linafika karibu na kidole chako bila kukigusa. Unageuza tena, na ziada inarudi ndani ya chupa kupitia pembe ya mwisho. Wakati inachuruzika unakitikisa kioo taratibu huku na huku, la sivyo utando utaganda kwa mistari kama udongo uliokaukia kwenye mfereji. Ukifanya haraka, unamwaga. Ukichelewa, inaganda nusu.

Sasa fikiria kioo chenyewe. Picha za Fenton za Wales zina upana wa takriban sentimita 43, na picha za wakati huo hazikukuzwa. Karatasi iliyopakwa ute wa yai ilibanwa juu ya negativu, yaani kile kioo chenye picha ambamo cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe, na kuanikwa juani, picha ikatoka na ukubwa ule ule wa kioo. Ukitaka picha kubwa, beba kioo kikubwa. Basi ile ngoma ya kuinamisha pembe nne aliicheza na kipande cha kioo kinachokaribia ukubwa wa sinia.

Utando ukianza kunata, kioo kinaingia gizani kwenye beseni la nitrati ya fedha kwa dakika chache. Kinatoka kikiwa na rangi ya maziwa na kinaona mwanga. Kinatiwa ndani ya kisanduku chembamba kisichopitisha mwanga, kinakimbizwa kwenye kamera, kifuniko cha lenzi kinatolewa, mtu anahesabu, kifuniko kinarudishwa, kioo kinakimbizwa tena gizani. Huko kinamwagiwa dawa ya kusafishia, yaani ya kuitokeza picha, kwa wimbi moja lisilokatika, kwa sababu mahali wimbi litakapositasita patabaki alama. Kinaoshwa kwa maji, kinatiwa dawa ya kukazia, kinaoshwa tena na tena. Yote hayo, kuanzia kumimina hadi kusafisha, lazima yaishe kabla utando haujakauka. Siku ya kawaida hiyo ni kama dakika kumi. Ukikauka, umekwisha.

Kuna jambo dogo hapa ambalo wasomaji wengi hulipita, nami nalipenda. Fundi hakuwa katika giza totoro. Aliweza kuona kazi yake kwa mwanga wa njano, uliopita kwenye kitambaa au kioo cha njano, kwa sababu dawa ile haikuusikia mwanga wa njano. Iliusikia wa buluu na zambarau. Upofu huo ulikuwa rafiki yake ndani ya hema. Nje ya hema ukawa adui.

Tukiwa bado kwenye dakika kumi, tuhesabu faida ndogo za korongo. Krimea, kwenye joto, vioo vya Fenton vilikuwa vikikauka kabla hajamaliza kazi. Chini ya korongo la Wales kuna ubaridi na unyevu, utando hukaa mbichi kwa muda mrefu zaidi. Na maji ya kuoshea yako pale pale miguuni, bure. Mtu aliyewahi kubeba ndoo anajua thamani ya hilo.

Tatizo la mbingu

Dawa inayosikia buluu kupita kiasi ikielekezwa kwenye mandhari ya wazi hufanya jambo moja bila kukosa: inaunguza mbingu. Kabla mlima na miti havijapata mwanga wa kutosha, mbingu imekwisha kupata mara kumi. Kwenye negativu inakuwa nyeusi tititi, kwenye picha inakuwa karatasi tupu. Hakuna wingu, hakuna hewa, na mara nyingine kuna madoa na michirizi ya dawa inayojitangaza pale palipo peupe. Wapiga picha wengi walipaka rangi nzito juu ya sehemu ya mbingu kwenye negativu ili iwe nyeupe kabisa bila doa. Yaani walichagua utupu safi badala ya utupu mchafu.

Mfaransa Gustave Le Gray alilitatua kwa ujanja mwingine. Katika picha zake za baharini za miaka ya 1856 na 1857, kadhaa zina negativu mbili, moja ya bahari na moja ya mawingu, zilizounganishwa kwenye karatasi moja. Simu yangu hufanya kitu cha jamaa hiyo. Nikiielekeza kwenye maporomoko ya Materuni, juu ya Moshi, inachukua fremu kadhaa kwa mkupuo, nyingine nyeusi nyingine nyeupe, inazishona na kunipa mbingu na mawe pamoja, mimi nikijiona fundi. Fenton mwenyewe alivutiwa na mawingu; mwaka 1859 alipiga picha inayoitwa "September Clouds", ambamo mawingu ndiyo mada. Lakini ili kuyapata mawingu, nchi iliyo chini yake ilibidi iwe ukanda wa giza. Vyote viwili kwenye kioo kimoja lilikuwa jambo la bahati.

Sasa shuka korongoni. Kuta za mwamba zinapanda pande zote mbili. Weka kamera chini, ielekeze sawasawa au iinamishe kidogo, na mbingu inabaki mwanya tu au inatoka kabisa. Eneo lile ambalo kwenye picha ya uwanda lingekuwa theluthi nzima ya karatasi tupu, hapa ni jiwe. Na jiwe ni mteja mtulivu kuliko wote waliowahi kukaa mbele ya lenzi. Halipepesi, halipepei, halichoki kuhesabiwa sekunde. Miamba ya pande hizo mingi ina rangi ya kijivu inayoelekea buluu, rangi ambayo dawa ile iliisoma vizuri. Kila ufa ukaandikwa.

Weupe uliohama

Korongo lilidai malipo yake. Kivuli kilirefusha muda wa kuacha lenzi wazi, na kwenye kivuli maji hayana la kufanya ila kuwa tui. Hata nje juani kioo kikubwa namna ile, na lenzi ndefu inayokihudumia, vilihitaji sekunde kadhaa. Wimbi linalopita mbele ya lenzi kwa sekunde kadhaa halibaki wimbi. Mamia ya mawimbi yanalaliana mpaka yote yanakuwa kitu kimoja kisicho na umbo.

Watu huishia hapo: maji ni laini kwa sababu muda ulikuwa mrefu. Ni kweli, ila ni nusu. Maji yenye povu korongoni ndiyo kitu cheupe kuliko vyote, na juu ya hapo yanarudisha mwanga wa mbingu, wenye buluu nyingi. Fenton akitoa muda wa kutosha kwa mwamba mweusi wenye maji, povu limekwisha kuungua zamani. Kwa hiyo hata kama maji yangesimama kama barafu, bado sehemu kubwa yake ingetoka nyeupe bila habari. Ulaini unatokana na muda. Utupu unatokana na ziada ya mwanga. Ni kosa lile lile la mbingu.

Hapa ndipo kisa hiki kinaponishika. Fenton hakuondoa ule weupe mtupu kwenye picha zake. Aliuhamisha. Ulikuwa juu, mahali ambapo jicho hutegemea kuona mawingu na hulalamika lisipoyaona. Ameuteremsha chini, mahali ambapo jicho likiona weupe linasema "maji" na kuendelea na safari yake. Sehemu isiyo na habari yoyote imekuwa chanzo cha nuru ya picha nzima, na mawe yanaonekana kana kwamba yanaangazwa kutoka chini. Leo wapiga picha hununua kioo cheusi cha kufunika lenzi mchana kweupe ili maji yawatokee hivyo, na wanakilipia pesa nzuri.

Malipo ya pili ni kijani. Majani, kangaga na utandu wa kijani juu ya mawe, vitu ambavyo mtembezi wa Wales huvikumbuka kwanza, kwenye kioo vilikuwa giza, na upepo ukipita matawi yanageuka moshi. Picha za Fenton za mito hii zina miti, lakini tazama ni wapi ameiweka: mara nyingi pembeni au nyuma. Kazi ya mbele amepewa jiwe.

Malipo ya tatu ni watu. Katika picha zake nyingi za mito kuna mtu amekaa juu ya jiwe au kusimama ukingoni, mdogo, kama alama ya wino. Anasaidia kupima: bila yeye huwezi kujua kama jabali lile ni la kimo cha mtu au la nyumba. Lakini mtu huyo ameambiwa atulie kama jiwe analolikalia mpaka kifuniko kirudi. Ukijua hivyo, ule mkao wake wa kutafakari unabadilika. Huenda anatafakari. Hakika anajizuia kupumua kwa nguvu.

Pingamizi

Msomaji makini atasema nimemgeuza msanii kuwa mhasibu wa dawa. Makorongo yalipendwa Uingereza tangu karne ya 18. Vita vya Napoleon vilipowafungia Waingereza njia za Ulaya, Wales ikawa mahali pa kwenda kuona mawe na maporomoko. Fenton alisomea uchoraji. Angeshuka korongoni hata kama dawa yake ingekuwa kamilifu, kwa sababu ndivyo mandhari ya heshima ilivyotakiwa kuwa.

Pingamizi lina uzito, na siwezi kulifukuza lote. Lakini sasa namwita yule Cox. Wachoraji na Fenton walikuwa na bonde moja, mito ile ile, mvua ile ile. Cox anajulikana kwa nini? Kwa upepo na mbingu. Michoro yake ina anga linalokimbia, mvua inayokuja, watu walioinama dhidi ya dhoruba. Kama ladha peke yake ndiyo iliyokuwa ikiamua, ningetegemea mpiga picha anayemfuata Betws-y-Coed amfuate pia huko juu kwenye upepo. Katika picha za korongoni amekwenda upande wa pili, chini, kwenye kitu ambacho brashi hukichoka haraka: uso wa mwamba kwa kila chembe yake. Ladha ilimpeleka Wales. Mahali pa kusimamisha stendi ya kamera, naona dawa nayo ilikuwa na kura.

Haki yake nimpe pia. Fenton hakukimbia uwanda kila mara. Alipiga mlima Moel Siabod kutoka bonde la Lledr, na katika picha za namna hiyo alitumia upofu ule ule kwa faida. Ukungu wa mbali una buluu nyingi, kwa hiyo dawa iliuzidisha, na milima ya nyuma ikafifia hatua kwa hatua mpaka ikakaribia kuyeyuka. Huko weupe wa mbingu hauanzi ghafla. Unatayarishwa na milima inayopauka. Ni suluhisho lingine la tatizo lile lile, nami naliona gumu zaidi, maana linategemea hali ya hewa ya siku hiyo. Korongo halitegemei.

Mto ule ule, kamera ndogo

Historia ilituachia jaribio la kulinganisha. Mwaka 1860 mchapishaji Lovell Reeve wa London alitoa kitabu kiitwacho The Conway in the Stereoscope, maandishi ya James Bridge Davidson, picha za Fenton, jozi 20. Hizi ni picha pacha ndogo, zinazotazamwa kwa chombo chenye lenzi mbili mpaka zinakuwa mandhari moja yenye kina, kana kwamba unaweza kunyoosha mkono ndani.

Kioo kidogo hutumia lenzi fupi, na lenzi fupi huingiza mwanga upesi zaidi. Muda unapungua, ngoma ya pembe nne inakuwa ya kiganjani, na mzigo wa kuteremsha unapungua pia. Kwa fundi ni nafuu kubwa. Lakini weupe mtupu ulioweza kujificha kwenye picha kubwa, hapa una shida mpya. Macho mawili hupima kina kwa kulinganisha alama ndogo ndogo: ufa huu, jani lile. Mahali pasipo na alama hapana cha kulinganisha, na weupe unaning'inia bila kujulikana uko mbali au karibu. Mbingu tupu ikining'inia hivyo inaudhi. Mto wa tui nao una udhaifu huo huo. Kinachoiokoa picha pacha ni mpangilio wa korongo: jiwe la karibu, jiwe la kati, jiwe la mbali, yote yana nyufa, na maji yanabanwa katikati yake kiasi kwamba jicho linayakadiria kwa kufuata kingo. Mahali pale pale palipomsaidia kuficha mbingu pakamsaidia tena kutengeneza kina. Sidhani alilipanga hilo mwaka 1857. Ilitokea tu.

1862

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Picha ndogo za bei nafuu zilifurika sokoni, za sura za watu, za kubandika kwenye albamu. Waandaaji wa Maonyesho ya Kimataifa ya London ya 1862 walizipanga picha upande wa mashine na vifaa, si upande wa sanaa, na wapiga picha wakakasirika. Mwaka huo huo Fenton aliacha kazi, kamera na negativu zake zikapigwa mnada, akarudi kwenye sheria. Alifariki 1869, akiwa na miaka 50.

Mwaka huo huo wa 1862, mwezi Julai, mfanyabiashara James Chapman aliyezaliwa Cape Town alifika kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria Falls), mto Zambezi, pamoja na mchoraji Thomas Baines. Walikuwa wametoka pwani ya Atlantiki, Walvis Bay. Chapman alikuwa na kamera ya picha pacha na dawa za jamaa ya zile za Fenton, na alitaka kuwa mtu wa kwanza kurudi na picha ya maporomoko hayo na korongo lake. Fikiria alivyovipata: mwanga mwingi ajabu, mwamba mweusi unaotiririka maji, na rasharasha nyeupe inayopanda kutoka korongoni hadi mawinguni. Ule mwanya wa mbingu ambao Conwy ulimruhusu Fenton kuuziba, hapa ulikuwa unafukuta kutoka chini ya korongo lenyewe. Hapakuwa na mahali pa kuuhamishia weupe.

Picha za maporomoko hazikumtokea Chapman. Baines alikaa na karatasi na rangi zake, na mwaka 1865 michoro yake ilichapwa London. Mmoja unaonyesha maporomoko wakati wa mapambazuko, na wingu la rasharasha likipanda futi 1,200.